Jiko Chumbani kwa Mzazi

Baridi ya Sumbawanga sijawahi kuipenda, na sina pa kusingizia, maana nimezaliwa huku huku Ufipa, kwenye kijiji ambacho ukitoka nje asubuhi ya mwezi wa sita bila koti unarudi ndani mwenyewe bila kuambiwa. Nadhani Mtowisa ndiyo iliyoniharibu. Tulipooana, mume wangu alikuwa amepangiwa kazi kule chini bondeni, tukakaa, tukazoea. Kule shida yako ni joto tu. Madirisha wazi, feni inazunguka umeme ukiwepo, na maji ya bomba yanatoka ya moto bila mtu kuwasha chochote. Nilikuwa nalalamika kila siku. Laiti ningejua.

Alipohamishiwa huku juu mjini, mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshatokeza. Tukanunua nyumba ambayo mwenyewe aliichoka kabla hajaimaliza. Kuta zipo, bati lipo, basi. Upepo uliingia kwa juu ukatoka kwa chini, pazia zinacheza mchana kutwa. Mume wangu ni mtu wa Mbeya, baridi anaijua, lakini ile ya pale ndani ilimtoa machozi. Akaniambia, "Mwanangu hatazaliwa kwenye friji."

Basi akaanza. Jamani, mwanaume akiamua kutengeneza nyumba, mwache. Alipiga dari ya jipsamu chumba hadi chumba. Akang'oa madirisha ya mbao akaweka ya alumini, yale ya kusukuma. Yale matundu ya hewa juu ya madirisha, ambayo kila nyumba ya hapa inayo, aliyaziba kwa saruji na kuyapiga rangi juu yake, huwezi kujua kama yaliwahi kuwepo. Jumapili baada ya misa alikuwa anazunguka ndani ananyoosha kiganja ukutani, anasikilizia upepo unapoingilia, na akiupata anaukimbilia na chupa ya silikoni. Mimi nilikuwa nyuma yake namshangilia. "Na hapa, baba, na hapa!" Nyumba ikatulia. Ukifunga mlango unasikia masikio yanaziba. Wageni walikuwa wanaingia wanasema, he, humu ndani kuna raha.

Kilichobaki kutushinda ni maji. Chumba chetu kilikuwa masta, yaani bafu liko humo humo ndani, nami nilikuwa nimejiahidi kuoga maji ya moto kwa kufungua koki kama watu. Tukamleta fundi bomba. Huyo mtu, Mungu amsamehe, alikuwa na maneno matamu kuliko kazi. Alifunga hita, tukafungua koki ya moto, yakatoka ya baridi. Tukafungua ya baridi, nayo yakatoka ya baridi. Nikamuuliza, "Sasa ya moto yako wapi?" Akaniambia yako njiani. Njiani! Sinki la kunawia nalo alilipima, akatoboa ukuta kwa chini ili bomba la maji machafu litokee nje, halafu akasema amesahau kiungo fulani, anakifuata Majengo mara moja. Hiyo mara moja yake ilimaliza wiki. Ukipiga simu anakujibu, "Mama, niko hapa kona." Kona gani isiyoisha! Tundu likabaki pale chini ukutani, ukubwa wa ngumi, na kila nikiingia kuoga linanipulizia upepo wa vifundoni. Nilimsema mume wangu mpaka nikachoka mwenyewe.

Nikajifungua salama, mtoto wa kike. Mama yangu akapanda gari kutoka kijijini kuja kunilea, na mkoba wake mmoja: unga wa ulezi wa uji wangu, rozari, na jiko lake la mkaa la udongo, amelifunga kwenye khanga. Nikamwambia mama, jiko tunalo. Akasema hilo lenu la bati halitunzi moto.

Kwetu mzazi haachwi hivi hivi. Anakaa ndani, anaogeshwa maji ya moto mpaka ngozi inalia, anakunywa uji wa ulezi, na chumbani kwake moto hauzimwi kipindi cha baridi. Kila mtu amelelewa hivyo. Na wala si kwamba watu hawajui kuwa mkaa una sumu. Wanajua! Ndiyo maana jiko huwashwa nje, likaachwa mpaka mkaa wote uwe mwekundu, moshi uishe kabisa, ndipo liingizwe. Juu yake inawekwa sufuria ya maji. Mama alinieleza nikiwa nimelala pale, kwa uhakika kabisa, kwamba sumu ya mkaa ni ule moshi wa mwanzo, na ikibaki kidogo inanyonywa na maji ya sufuria. Maji yale humwagwa, hayanywewi. Mimi niliyesoma niliitikia kwa kichwa nikakubali, maana ndivyo nilivyosikia tangu utoto na hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo.

Mume wangu yeye hakuwa anaona lolote. Mama mkwe wake analala chumbani mle, basi yeye atie mguu? Thubutu! Alihamia sebuleni kwenye kochi, asubuhi anasimama mlangoni, "Shikamoo mama, mzazi ameamkaje?" anapewa mtoto amtazame kidogo pale pale kizingitini, anamrudisha, anaondoka kazini. Heshima ya mkwe.

Asubuhi ninayoisema upepo ulikuwa umechachamaa. Mume alishatoka. Mama aliingiza jiko mapema, limekolea vizuri, jekundu, halina hata uzi wa moshi. Akaweka sufuria yake ya maji. Akafunga mlango na kusukuma komeo la juu, kwa sababu majirani walikuwa na tabia ya kuingia kumwona mtoto wakiacha mlango wazi. Chini ya mlango akatandika khanga iliyokunjwa. Kisha akaingia bafuni, nikamsikia anagombana na lile tundu la sinki, kwa tambara na mfuko mtupu wa saruji akalishindilia. "Huyu fundi wenu angekuwa mwanangu ningemchapa," alisema akirudi. Nilicheka. Joto likaenea chumbani, nikajisikia nimerudi Mtowisa.

Mama akakaa kwenye kiti na rozari yake. Baadaye kidogo nikamsikia anapiga miayo, moja juu ya nyingine, akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia na mimi pia. Akasema ni uchovu wa kukesha na mtoto. Nilihisi kichefuchefu, nikadhani ni uji. Ukiwa mzazi kila kitu kina sababu yake tayari: ni maziwa yanashuka, ni damu, ni usingizi. Hakuna hata kimoja kilichonishtua. Nilitaka tu kulala, na usingizi wenyewe ulikuwa mtamu sana.

Kilichonizindua ni titi. Maziwa yalikuwa yamejaa yananiuma, nikamvuta mtoto nimnyonyeshe. Hakushika. Yule mtoto tangu anazaliwa ni mlafi, ukimgusa tu shavu anafungua mdomo. Nikamgusa shavu. Hakuna. Nikambana pua kidogo, nikamfinya mguu, nikamwita. Kichwa kikalalia upande kikabaki huko huko.

Nikaita, "Mama! Mama, mtoto!" Mama yuko kwenye kiti, kidevu kifuani, rozari imeanguka sakafuni. Hakujibu. Nikapiga kelele. Mama hakutikisika hata kope.

Nikashuka kitandani nikimbilie mlango, na hapo ndipo nilipopata mshtuko ambao mpaka leo nikiukumbuka miguu inakufa ganzi: sikuwa na miguu. Nilianguka kama gunia. Ninaiona, iko pale, nikiiambia inuka haiinuki. Mtoto nilikuwa nimembana kwenye mkono, nashukuru Mungu sikumwachia. Nikatazama juu kwenye komeo. Liko juu, juu kabisa, na mimi niko sakafuni. Dirisha liko nyuma ya kitanda, limebanwa na silikoni ya mume wangu. Haki ya Mungu, nilitazama kile chumba nilichokuwa nakisifia kwa wageni nikaona tumejijengea kaburi lenye rangi nzuri.

Hapo sikuwa najua ni jiko. Nasema ukweli. Akili ilikuwa nzito, nilijua tu kwamba hewa ya mle ndani haishibishi na mtoto anataka upepo. Na upepo nilikuwa najua mahali pamoja tu unapoingilia, kwa sababu ulikuwa umenipuliza vifundo vya miguu mwezi mzima nikimlaani fundi.

Nikatambaa. Mlango wa bafu ulikuwa wazi. Natambaa kwa kiwiko kimoja, mtoto mkono mwingine, mshono wa uzazi unaniambia utaniona. Nikafika ukutani nikang'ang'ania lile tambara. Mama yangu anajua kushindilia! Nililivuta kwa vidole, nikalivuta kwa meno, mfuko ukachanika, tambara likatoka, na upepo wa Ufipa ukaingia ukanipiga usoni. Nikamlaza mtoto kifudifudi kwenye mkono wangu, nikauweka mdomo wake na pua yake pale tunduni. Nikawa namsugua mgongo namwambia, vuta mama, vuta. Mimi mwenyewe nilikuwa navuta kwa pembeni, kwa zamu.

Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba alikohoa. Kikohozi kidogo, kama cha paka. Nikaanza kulia.

Lakini mama yuko kwenye kiti. Nikimwacha mtoto nimrudie mama, mtoto atakosa tundu. Nikibaki na mtoto, mama anakwisha. Nikabaki na mtoto. Nikageuka nikaweka mdomo wangu tunduni na kupiga yowe.

Upande ule kuna jirani yetu, mama mmoja mcheshi sana, alikuwa anaanua nguo. Yeye mwenyewe baadaye alinisimulia huku anashika kifua: alisikia mtu anamwita kwa jina la mwanawe, akageuka huku, akageuka kule, hakuna mtu, halafu akatambua kuwa sauti inatoka ukutani, chini, usawa wa nyasi. Na mji wetu huu unavyosemwa huko nje kwa uchawi! Alitupa nguo akakimbia. Alikimbia kabisa mpaka getini kwake, ndipo akasikia mtoto akilia, akarudi akiwa amepiga ishara ya msalaba.

Akainama. "Nani huko?"

"Mimi! Vunja dirisha!"

"Dirisha gani?"

"La chumbani! Vunja, mama anakufa!"

Halafu nikamsikia, naapa, anasema, "La alumini? Mumeo ataniua!"

Nilimtukana. Tusi nililomtukana sitaliandika hapa, yeye mwenyewe huwa analikumbushia tukikutana tunacheka. Akaokota tofali. Kioo kikapasuka, akapanda, akajichana mkono, akaingia, akafungua komeo. Alimburuta mama kwa makwapa mpaka kibarazani, akarudi akanichukua mimi na mtoto. Jiko lilikuwa pale pale katikati ya chumba, jekundu, zuri, na sufuria ya maji juu yake inatokota taratibu. Jirani alilipita mara mbili bila kulitazama. Mimi nililitazama, na hapo ndipo akili ilipoamka.

Bajaji ikatufikisha hospitali. Tukawekewa hewa ya mitungi, sisi watatu, vizazi vitatu vimepangwa kama sahani. Daktari akamweleza mume wangu, ambaye alikuwa amesimama na kofia mkononi hawezi kufunga mdomo, kwamba mkaa unaotisha ni huo huo mwekundu usio na moshi. Hiyo hewa yake haionekani, hainuki, na haiwashi macho. Maji ya sufuria hayanyonyi kitu. Akauliza kama chumba kina matundu ya hewa. Mume wangu akajibu kwa sauti ndogo kwamba yalikuwepo. Kisha akatoka nje, nikamwona kupitia dirishani amechuchumaa kwenye ukuta wa wodi, mikono kichwani. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa pa kuanzia.

Mtoto alinyonya jioni ile. Alinyonya kwa hasira, mpaka nikaumia, na nilifurahi kuumia. Daktari alisema tumwangalie siku za mbele jinsi anavyokua, ila macho yake yanafuata mwanga na mikono inashika vizuri.

Mama alichelewa kuamka. Alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichosema ni, "Nani amefungua dirisha? Mtoto atapigwa na baridi." Nilishikwa na kicheko na hasira vyote pamoja.

Asubuhi yake alikuwa amekaa kitandani, mtandio umefungwa vizuri, anabishana. Alikataa katakata kwamba ni jiko. Amelea kwa moto, mama yake alilea kwa moto, Ufipa nzima imelelewa kwa moto. Labda ni rangi ya nyumba. Labda ni hiyo dari. Akasema ikishindikana, basi kuna mtu ametutazama vibaya. Nilimsikiliza, nikamsikiliza, mwisho uvumilivu ukanikatika. Nikamwambia mbele ya wodi nzima, "Mama, ulitaka kutuua! Mimi na mtoto! Huyu alikuwa ameshaenda, mama, alikuwa ameshaenda mkononi mwangu, na wewe bado unatetea jiko!"

Mimi sijawahi kumpandishia mama sauti maishani mwangu. Yeye wala hakukasirika. Akamgeukia nesi aliyekuwa anatupima, binti wa huku huku, akamuuliza kwa Kifipa, taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Mjukuu wangu, mtoto akifa kwa hiyo hewa, anaonekanaje?"

Nesi akaacha kutupima. Akasema, "Mara nyingi ni kama amelala tu, bibi. Wengine midomo na kucha zinakuwa na wekundu. Mtu anaweza kusema huyu ana afya."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akaanza kuikunja na kuikunjua ncha ya mtandio wake.

"Una kaka yako aliyekutangulia," akaniambia.

Nilikuwa najua. Kila mwezi wa kumi na moja tunamwombea kanisani pamoja na marehemu wetu wote. Mtoto mchanga aliyechukuliwa na baridi ya mwezi wa saba, kabla mimi sijazaliwa. Kwetu hajawahi kuitwa vingine: yule aliyechukuliwa na baridi.

"Nilimkuta asubuhi kifuani pangu," mama akasema. "Midomo ilikuwa myekundu. Bibi yako alisema mtoto ameondoka na uzuri wake. Mimi nilisema, moto ulikuwa mdogo, ningeongeza mkaa. Nikaapa kwamba sitaruhusu tena mtoto alale bila moto wa kutosha. Wewe nilikulea nje kwenye jua na ndani kwenye jiko la bibi yako, kwenye nyumba yake."

Nikashika mkono wake. Ulikuwa wa baridi. Nikatafuta kitu cha kumwambia, chochote, nikakipata haraka haraka. "Mama, haiwezekani. Nyumba zenu za wakati ule zilikuwa za nyasi. Upepo unapita kila mahali. Ya bibi si ilikuwa ya nyasi? Basi. Hiyo ni baridi, mama. Ni baridi kweli."

"Ya bibi yako ilikuwa ya nyasi," mama akasema. "Ya kwetu, baba yako ndio kwanza alikuwa ameiezeka bati. Mianya ya juu yote niliikandika mimi mwenyewe kwa udongo, tumbo la kaka yako hili hapa. Niliikandika vizuri."